Figa la Mama Kwenye Foleni ya Pantoni

Usiku wa jana niliota ile X nyekundu waliyonipigia ukutani inakohoa.

Nyumba yangu iko hatua ishirini kutoka geti la pantoni. Aliijenga marehemu mama, Bi Siwema, kwa vitumbua alivyowauzia wavukaji tangu enzi za mitumbwi. Mimi, Mwajabu, nakaanga vyangu hapo hapo. Watu wa kivuko walisema tingatinga litakuja leo asubuhi kuibomoa, eti tumevamia eneo lao.

Basi X inakohoa, inashuka ukutani, inasimama kwa miguu yake miwili na kufungua daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sheria inasema kila kilichomo eneo la kivuko ni abiria. Nyumba yako imo. Kwa hiyo inavuka."

Nageuka, tayari tuko ndani ya geti. Nyumba yangu imesimama kwenye foleni, imeshika tiketi kwa dirisha, paa imeliinamisha kwa adabu. Nimeishi nayo miaka hamsini, sijawahi kuiona ikiwa mnyonge namna ile. Iliniuma kuliko ile rangi.

"Rudi nyumbani," naiambia.

"Nyumbani ndiyo mimi," inajibu kwa sauti ndogo. "Nirudi wapi?"

Pantoni inapiga honi. "Nyumba zipande kwanza, magari baadaye. Wenye misingi mirefu mkunje miguu."

Hapo hasira zikanipanda. Nikaiuliza X, "Foleni hii nani kaitangulia?"

"Jengo la kivuko," inasema, hata daftari haijaangalia.

"Hebu tazama mbele yake."

Huku kwetu, ukiwa kwenye foleni na haja ikakubana, unaacha ndoo, ndala au jiwe mahali pako, na hakuna wa kuliruka. Jiwe linahesabiwa mtu. Na mbele ya wote, mbele ya jengo zima na vioo vyake, limekaa figa la jikoni la mama, jeusi kwa masizi.

"Mwenyewe yuko wapi?" X inaliuliza.

"Katoka kidogo," linajibu figa.

"Katoka lini?"

"Mwaka wa kumi na tano huu."

"Atarudi?"

"Hayo hayakuhusu. Kaa nyuma."

X inaitazama pantoni. Pantoni inatazama maji. Mwishowe pantoni inasema foleni ni foleni, na aliyetangulia hawezi kuitwa mvamizi. Jengo la kivuko linajikongoja na kaunta zake na vyoo vyake, linakwenda mwisho wa mstari likinung'unika. X inalifuata.

Nikaamka, kumeshakucha. X iko pale pale ukutani. Nikaingia jikoni kuwasha moto, nikakuta mafiga mawili. La tatu halipo.

Nikachungulia dirishani. Foleni ya pantoni imefika barabarani, na mbele kabisa, mlangoni mwa geti, kuna jiwe jeusi. Watu wamejipanga nyuma yake, hakuna anayeliruka. Nyuma yao tingatinga limezimwa, na dereva wake ameshuka.

"Jiwe la nani hili?" anauliza.

Figa moja haliinjiki chungu. Nikabeba yale mawili yaliyobaki, nikatoka kwenda kumjibu.