Saa Yenye Sura ya Mzee Ndaki

Paskalina alikuwa na jicho la kumpima mwanamume. Mchimbaji akisimama mbele ya kibanda chake pale Segese, kabla hajafungua kinywa, Paskalina alishajua ni buti la saizi gani, kama anataka tochi ya kichwani au kamba, na kama ni mtu wa kununua au wa kuuliza bei na kupoteza muda. Wanaume wa kila kabila waliondoka pale na kilichowafaa. Mmoja tu ndiye aliyemshinda, na huyo ndiye aliyemzaa.

Baba yake, Mzee Ndaki wa Samuye, alikuwa hazawadiki, kama lugha inaruhusu kusema hivyo. Ukimuuliza anataka nini, anajibu, "Kila kitu ninacho," naye amekalia kigoda ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba. Ukimletea kitu anakipokea kwa mikono miwili, anasema "Wabeja, mayu," asante ya Wasukuma kwa binti yao, anakigeuza huku na huku na kukisifu. Ukirudi mwaka unaofuata, hakipo. Koti zito la baridi Paskalina alilikuta kanisani, mgongoni kwa Mzee Amosi, rafiki wa baba yake wa ng'ambo ya mto. Redio ilikwenda hukohuko. Godoro nalo, godoro zima jipya, lilivushwa mto kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mzee akaendelea kulala juu ya ngozi yake ya zamani. Kutoa ni moyo, sawa. Lakini kutoa cha mwanao kabla hakijaisha harufu ya dukani, huo ni moyo wa namna gani?

Hata hiyo siku ya kuzaliwa aliyokuwa akimpelekea zawadi ilikuwa ya kubuni. Mzee Ndaki alijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, mtama ukiwa umekauka shambani. Karani wa vitambulisho akamwandikia tarehe mosi Julai, kama alivyowaandikia nusu ya wazee wa Samuye. Paskalina aliing'ang'ania tarehe hiyo kama amri ya Mungu, kwa sababu alihitaji siku moja ya kuingia nyumbani akiwa na kitu mkononi.

Hapo ndipo palipouma. Aliolewa Chato kwa ng'ombe wengi, tena wa maana. Ndoa ilipomshinda akaondoka bila mtoto, na wakwe wakaja kuchukua ng'ombe wao kama desturi inavyotaka. Mzee Ndaki aliwafungulia zizi mwenyewe. Hakumkaripia binti yake, hakumpa pole, hakusema neno. Aliyesema ni kaka yake, Athanas: "Mabinti wa wenzetu huingiza ng'ombe, wa kwetu anawatoa." Tangu hapo Paskalina hakujua kama bado ni mtoto wa mji ule au ni mgeni anayevumiliwa. Kila zawadi aliyopeleka ilikuwa ni kuuliza, na kila iliyogawiwa aliipokea kama jibu.

Mwaka huu mwezi wa Juni ulimkosesha utulivu kabisa. Alinunua kofia ya pama, akairudisha kabla ya saa sita. Akanunua chupa ya chai, akaiuza kwa mteja wake aliyekuja kutafuta sululu. Alikwenda Kahama kutazama mablanketi, akatembea maduka yote mpaka visigino vikawaka moto, akarudi mikono mitupu. Tatizo ni kwamba kila alichokishika alikiona kwa Amosi. Kofia aliiona juu ya kipara cha Amosi. Chupa ya chai alimwona Amosi akijimiminia, tena akiongeza sukari. Alimchukia yule mzee wa watu ambaye hakuwahi kumkosea lolote.

Jirani yake wa kibanda, Zakia, Mmanyema wa Ujiji aliyeifuata dhahabu kwa njia ya vitenge, alimtazama akipita mara ya kumi akachoka.

"We Paskalina, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaa chini."

"Nikikaa nitalia."

"Basi lia, ukimaliza unisikilize. Mbandike sura yake."

"Sura yake nibandike wapi?"

"Kwenye zawadi! Siku hizi Kahama wanachapa picha kwenye saa za ukutani. Weka sura ya baba yako katikati, kubwa, na jina lake chini. Sasa tuone nani atakubali kutundika sura ya Mzee Ndaki nyumbani kwake. Si mkewe atamuuliza?"

Paskalina alicheka, na alipocheka akajua amepata. Picha aliyokuwa nayo kwenye simu ilipigwa msibani, mzee amekunja uso kama anayedaiwa maelezo. Fundi wa studio aliing'arisha kadiri alivyoweza, lakini uso ule haukung'arika, na mishale ya saa ikawa inachomoza puani. Chini yake yakaandikwa maneno: HERI YA KUZALIWA BABA NDAKI. Njiani kuelekea Samuye aliifungua mara kadhaa kuitazama, akaifunga, akaifungua tena. Alijiapia kwamba hii ikiondoka pale nyumbani, yeye naye amekwisha ondoka.

Alifika jua likiwa limeinama. Baba yake alikuwa uani kwenye kigoda chake, Athanas anatengeneza jembe la ng'ombe, na mke wa Athanas, Loveness, anaanika michembe, viazi vile vya kukausha, juu ya mwamba. Alisalimia kwa kupiga goti, akapewa maji, na hakungoja hata ayamalize.

"Baba, heri ya kuzaliwa."

Mzee alifungua karatasi taratibu. Akakutana na sura yake mwenyewe. Walitazamana, yeye na yeye, wote wawili wamekunja uso. Loveness aliangua kicheko akakizuia kwa kiganja.

"Wabeja, mayu," mzee alisema. Aligeuza saa, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Hakuisifu. Alionekana mtu mwenye shida. "Sasa hii nitampa nani?"

"Humpi mtu!" Sauti ya Paskalina ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ndiyo maana nimeweka sura yako, usimpe mtu! Koti umempa Amosi, redio umempa Amosi, godoro umempa Amosi. Mimi nimekukosea nini, baba? Kama ni wale ng'ombe wa Chato, sema!"

Athanas aliguna. "Mzee wetu hashikiki. Hata ukimpa jicho lako atampa Amosi." Akacheka peke yake.

Mzee Ndaki aliiweka saa magotini, akaifuta vumbi kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Kesho asubuhi," akasema, "utanisindikiza kwa Amosi."

Usiku ule Paskalina alilala na nguo zake za safari, mkoba chini ya kichwa.

Asubuhi upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Mzee alitangulia na fimbo yake, saa kaibana kwapani, uso umetazama nje, kwa hiyo Paskalina aliyekuwa nyuma alitembea safari nzima akikodolewa macho na baba wa kwenye saa. Mto wenyewe wakati ule ni mchanga mtupu. Waliuvuka, wakapita majaruba ya mpunga uliokwisha vunwa, na moyoni Paskalina alikuwa anapanga maneno ya kuaga. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya makali zaidi.

Mzee Amosi aliwapokea akiwa ndani ya lile koti. Redio ilikuwa inaimba dirishani. Paskalina alisema "Shikamoo, baba" kwa meno, akaitikiwa "Marahaba, mayu" kwa furaha iliyomzidishia hasira.

"Hawajatoka?" Mzee Ndaki aliuliza.

"Ningewatoaje wakati ulinitumia salamu unakuja naye?"

Walikwenda zizini. Mzee Ndaki aliegemea boma la miiba, akaita kwa sauti ambayo Paskalina hakuwahi kuisikia ikitoka kwa baba yake, sauti laini, ya kubembeleza.

"Koti! Koti, njoo!"

Ng'ombe jike mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliinua kichwa akaja. Ndama alimfuata nyuma akisukumana na kiwele.

"Redio!" Mwingine mweusi akageuka.

"Yule aliyelala, mzito kuamka, ni Godoro," alisema mzee. "Ana mimba."

Paskalina alishika mti wa boma.

"Amosi anapenda vitu vya dukani," baba yake alisema, macho yakiwa kwa ng'ombe. "Mimi napenda kitu kinachozaa. Kwa lile koti alinipa mbuzi, mbuzi wakazaa, nikabadilisha nikapata mtamba. Redio vilevile. Nikambilisha." Maana yake alimwachia rafiki ng'ombe amchungie, anywe maziwa, na mwenye mali abaki mwenye mali. Ni jambo la kawaida kwa wafugaji wa kule, hata mtoto analijua. Paskalina alilijua. Hakuwahi kufikiri kwamba lingeweza kufanywa kwa ajili yake.

"Ng'ombe ni zako hizi, mayu. Si zangu."

"Zangu?"

"Siku nikifa, Athanas na wadogo zake watagawana zizi. Binti hapati, ndivyo tulivyoikuta desturi. Ng'ombe akilala kwangu ni wa mji. Akilala kwa Amosi, Amosi anajua ni wa nani, na kanisa zima linajua Amosi hasemi uongo. Siku ile wakwe zako wanatoa ng'ombe wao, nilikuona umesimama mlangoni. Nikasema, huyu naye awe na zake ambazo hakuna mkwe atakayekuja kuzifungulia zizi."

"Kwa nini hukuniambia, baba? Miaka yote hii! Mimi nalia Segese, nasema hunitaki!"

"Ningekuambiaje? Mdomo wako hauna mlango. Athanas angekuudhi siku moja tu, ungemtupia hizi ng'ombe usoni, na kesho yake angekuja kuzihamisha."

Ilikuwa kweli tupu. Paskalina alilia palepale zizini, kwa sauti, bila aibu, na Godoro akaamka kutazama kuna nini.

Ikabaki saa. Amosi aliishika kwa mbali, akaiinua, akaishusha. "Ndaki, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini niamke kila siku nikuone wewe kwanza? Hata kuku siitolei."

"Pokea," mkewe, Mama Donatus, alisema kutoka jikoni. "Itundike ghalani. Panya wataogopa."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mzee Ndaki akapata mbuzi jike mmoja, mdogo, mwenye sikio lililochanika. Palepale akampa jina: Saa. Naye akabaki kwa Amosi pamoja na wenzake.

Waliporudi, Athanas alikuwa bado na jembe lake. Aliangalia kwapa tupu la baba yake, akatua nyundo.

"Saa iko wapi?"

"Kampa Amosi," Paskalina alisema.

Athanas alicheka mpaka akashika mbavu. "Si nilikuambia! Na sura yake yote! Dada yangu, jifunze. Hapa huna unachoweza kuleta kikakaa."

Maneno yalimjaa Paskalina kinywani, matamu, makali, yamepangwa tayari: Koti, Redio, Godoro, ndama na mimba juu. Aliyahisi yakigonga meno. Mzee Ndaki alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kibovu, anamtazama tu, fimbo imesimama katikati ya magoti. Hakumkonyeza, hakutikisa kichwa. Alingoja, kama mtu aliyeweka kitu chake chote mkononi mwa mwingine.

Paskalina akameza. Yalishuka kwa shida, lakini yalishuka.

"Kweli, kaka," akasema. "Mzee ameshindikana." Akamchukulia Loveness ungo, akaanza kumsaidia kugeuza michembe, na mikono yake, iliyokuwa haitulii tangu Juni, ikatulia.

Baadaye, Athanas alipokwenda kunywesha mifugo, Paskalina alimsogelea baba yake akachuchumaa karibu na kigoda.

"Mwakani nitakuletea baiskeli, baba."

Mzee Ndaki alifikiri. Alifikiri sana, akitazama ng'ambo ya mto.

"Lete," akasema. "Lakini usiweke sura yangu. Sura yangu imetupunja."