Mgeni Hapandi Mti

Révérienne alikuwa akipalilia maharage kule Simbo. Jua lilipochoma alisimika jembe ardhini, akaenda kivulini kunywa uji wake wa muhogo. Aliporudi, mpini ulikuwa umeota. Ulikuwa mpini wa mkaratusi, lakini majani yaliyochomoza juu yake yalikuwa ya mchikichi. Alivuta jembe, likakataa kutoka. Mistari iliyobaki akaimalizia kwa mikono.

Jembe lilikuwa la kuazima, la jirani yake Mzee Bonifasi, mgane mwenye ugomvi na kila mtu aliyewahi kukabidhiwa muhuri.

"Mwaramutse, mzee," Révérienne alimwamkia kwa lugha ya kwao asubuhi iliyofuata. "Jembe lako limeota."

"Limeota nini?"

"Mchikichi."

"Nitachonga mpini mwingine," Bonifasi alisema. "Ila Leodgar asilione hilo. Atalidai ushuru."

Leodgar ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Shamba nalo lilikuwa lake, au ndivyo alivyosema, na wa kumwuliza ukweli alikuwa yeye mwenyewe. Hapo mgeni hupewa ardhi ya kulima mazao ya msimu: maharage, mahindi, karanga. Mti hapandi. Mwenye mti ana mahali, na mtu akishakuwa na mahali, hao wakubwa watamfukuza kwa maneno gani? Révérienne alivuka kutoka Burundi akiwa binti, mvi zimemwota hapa hapa, na bado ni mgeni.

Mumewe Ntakarutimana alizikwa ukingoni mwa shamba hilo, kwa ruhusa ya mdomo. Révérienne aliomba apande mchikichi mmoja tu kichwani pa kaburi, ili pajulikane.

"Weka jiwe, mama," Leodgar alimjibu. "Jiwe halina mizizi."

Akaweka jiwe.

Baada ya jembe, uliota mchi wa kinu. Kisha miguu ya kitanda, kisha fimbo ya marehemu iliyokuwa imeegeshwa pembeni mwa mlango. Mvua zilipokatika, michikichi ilikuwa imeshabeba, ngazi nyekundu, vile vichala vya chikichi, zinaning'inia hata mtoto angezifikia. Majirani walipita, wakasifu ngazi, wakaendelea na safari zao.

Leodgar akaja. Révérienne alipiga goti, akamwamkia shikamoo, na Leodgar, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, akaitikia marahaba bila kuona haya.

"Mama, sheria unaijua."

"Sikupanda, mwenyekiti. Niliegesha tu."

"Mgeni haegeshi."

Alichuma punje moja ya ngazi, akaiminya kwa kidole gumba mpaka mafuta yakamtiririkia kwenye saa. Hakuamuru michikichi ikatwe. Aliamuru Révérienne ahame, akafungue shamba jipya bondeni, kwenye pori. Michikichi ilibaki kwa mwenye ardhi. Révérienne akaajiriwa kuchemsha ngazi, akawa kibarua wa kukamua mawese ya kitanda chake mwenyewe.

Bondeni nako, kitanda kipya kikaota. Leodgar akamhamishia ng'ambo ya kijito. Huko ikaota miiko. Akamhamisha tena. Kila alikopita kuliachwa shamba la michikichi, na kila alikopelekwa kulikuwa mbali zaidi na kaburi. Leodgar akaezeka nyumba bati la rangi.

"Wanakuzungusha kama mbuzi wa kamba," Bonifasi alimwambia.

"Mbuzi anashiba, mzee."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nikae karibu na mume wangu. Basi."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Révérienne alitembea mpaka kwenye kaburi, akavua kandambili, akasimama pembeni mwa lile jiwe. Kufikia alasiri vidole vya miguu vilikuwa vimezama udongoni. Bonifasi alileta maji kwenye kidumu. Nusu akampa anywe, nusu akammwagia miguuni.

"Unaumia?"

"Hapana. Naona kama nimefika."

Kesho yake Leodgar alikuja na mgambo na wajumbe, wakakaa kikao pale pale. Hoja ilikuwa moja. Kama ni mtu, yuko kwenye shamba ambalo hakupangiwa. Kama ni mchikichi, ni mali ya mwenye ardhi. Walibishana kwa heshima, wakakubaliana kwamba ni vyote viwili.

"Mwacheni," Bonifasi alisema. "Huyu hajapanda kitu. Amesimama tu."

"Mzee, mgeni akisimama mahali pamoja, hiyo ndiyo kupanda kwenyewe."

Wakachimba. Mgambo aliyeshika sepetu alikuwa mstaarabu. "Samahani, mama," alisema, "kaza mguu kidogo, kuna mzizi umepita chini ya jiwe." Révérienne akakaza mguu. Mzizi ukakatwa. Walimtoa na udongo wake, wakaufunga kwa gunia na kamba ya katani, kama mche wowote unaosafirishwa, wakampandisha kwenye pikapu. Kuna mkubwa mmoja alikuwa na shamba Kalinzi na alikuwa amesikia habari zake.

"Kalinzi kuna baridi," Bonifasi alisema. "Ile ni nchi ya kahawa. Mchikichi kule hauzai."

"Mkubwa ameshaamua," Leodgar alisema, akafunga mlango wa gari.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alichungulia nyuma, akauliza wamebeba nini. Dereva akasema mche. Miche haidaiwi kibali. Tangu aingie nchi hii, Révérienne hakuwahi kupita kizuizini bila kuulizwa karatasi. Siku hiyo alimwamkia askari, askari akaitikia, akainua kamba.

Bonifasi alibaki na shimo. Alilifukia kwa jembe lake lenye mpini mpya, akarudisha jiwe mahali pake. Kisha akapanda maharage juu, kwa kuwa maharage yanaruhusiwa.