Sauti ya Unga Mwekundu

Mwaka wa 2004, Prachi alikuwa na wiki tatu katika maabara ya fizikia ya chuo, mwendo mfupi kutoka kwao Parklands, akihangaishwa na mvumo mmoja. Mtambo aliuunda mwenyewe. Mwanga wa taa kali, uliochujwa rangi moja moja, ulipita kwenye sahani yenye matundu iliyozunguka kwa kasi, ukakatwakatwa mara mia mbili kwa sekunde, kisha ukaangukia unga uliofungiwa ndani ya kichumba cha shaba. Unga ulipomeza mwanga ulipata joto, hewa iliyo juu yake ikatanuka na kunywea, na maikrofoni ndogo ikainasa kama sauti. Lakini yeye alisikia mvumo tu, hata kichumba kikiwa kitupu.

Mwishowe alimwita Lenox Were, mpokea simu wa chuo. Surua ilimpofusha akiwa na miaka saba, na masikio yake yalisifika jengo zima. Were alivaa vipokea sauti, akabonyeza kingo za kichumba moja moja, akamwambia hewa ilikuwa inapenya upande wa kulia, chini. Prachi akapaka grisi, akakaza skrubu. Mvumo ukaisha.

Kwa kumshukuru, alimwomba abaki asikilize. Masizi yaliunguruma kwa kila rangi ya mwanga. Chaki ilikuwa karibu kimya. Kisha akaweka unga mwekundu ambao mama yake, kama wanawake wengi wa Kihindu walioolewa, hujipaka kwenye njia ya nywele. Mwanga wa buluu ulileta sauti nzito, wa kijani vilevile. Halafu sauti ikakatika ghafla.

“Imeenda wapi?” Were aliuliza.

“Sasa mwanga ni mwekundu, Mzee. Huu unga haumezi mwanga mwekundu. Unaurudisha, ndiyo maana tunauona hivyo.”

Were alisogeza vipokea sauti nyuma ya masikio.

“Kwa hivyo kile mnaona,” alisema polepole, “ni kile kimekataa kuingia.”

Prachi alikuwa amefaulu mitihani yote ya somo hilo, lakini hakuwa amewahi kulifikiria hivyo.

Wiki iliyofuata Were alileta udongo wa kwao Ugenya, aliotumiwa na dada yake. Prachi aliusaga, akaupitisha kwenye rangi zote bila kumtajia hata moja.

“Huu hauzimi ghafla,” Were alisema. “Unashuka polepole, kama mtu anateremka kilima.”

Prachi alitazama karatasi iliyokuwa ikichorwa na kalamu ya mtambo. Mstari ulikuwa unateremka vivyo hivyo kuelekea upande wa mwanga mwekundu. Were akamweleza kwamba anakumbuka njia iliyopita mbele ya boma lao, lakini kwa miaka arubaini alidhani wekundu wake aliubuni tu kichwani.

“Rudia,” Were alisema.

Prachi alirudia mara nne. Baadaye alichukua karatasi ngumu na pini, akatoboa mchoro ule nukta kwa nukta, akampelekea kwenye chumba cha simu. Were aliupitia kwa kidole hadi mahali mstari ulipoanza kushuka, akakiacha kidole hapo, simu mbili zikilia mezani.