Jina Chini ya Sanduku

Watu wote walimwita mume wangu Fundi. Nami nilimwita hivyo hivyo, maana miaka ya mwanzo nilikuwa nikimtania na baadaye nikasahau kuacha. Alifariki mwaka jana. Aliniachia nyumba, binti mmoja, na sanduku la chuma linalokaa kwenye rafu ya ukumbini, nje ya chumba cha kulala.

Si kubwa, ni kama mikate miwili iliyowekwa bega kwa bega. Ndani mna diski mbili zinazobeba vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Picha zetu zote zimo humo, pamoja na barua zetu na video za binti yangu akijifunza kutembea. Fundi hakulinunua dukani. Lilibuniwa na watu kumi huko mbali, wakaiacha michoro yake wazi kwa yeyote, hadi skrubu ya mwisho, kisha karakana yao ikafungwa. Fundi aliikalia michoro hiyo wiki sita akaliunda juu ya meza yetu ya chakula, na wiki sita hizo nilikula sahani ikiwa mapajani.

Sanduku linavuma. Ni sauti ndogo, ya mtu anayewaza huku amefumba midomo. Tangu Fundi aondoke nimekuwa nikitandika godoro pale ukumbini baada ya chakula cha mchana, mwanga wa dirisha ukitambaa sakafuni hadi unanifikia miguuni. Nikisinzia, yeye hupita. Hutoka jikoni na bisibisi mkononi, akiwa amebana skrubu tatu midomoni. Nikimwuliza jambo hutikisa kichwa tu. Hata alipokuwa hai ndivyo alivyokuwa, ukiwa na neno la maana yeye kinywa kimejaa skrubu. Basi hupita ukutani, mahali pasipo na mlango, nami huwa sishangai.

Jumamosi moja binti yangu, ambaye ni mfamasia, alikuja na mumewe. Alikuwa amefungua barua pepe za baba yake.

"Mama, wanataka kuliondoa sanduku."

"Nani? Waje waniondoe mimi kwanza."

Akaniketisha akanieleza. Sanduku linaendeshwa na Linux, programu inayotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia, wengi wao kwa kujitolea. Wana orodha ndefu ya vifaa, na kila kifaa kina mtu wake wa kukitunza. Katika orodha hiyo jina la Fundi lilikuwa bado lipo chini ya sanduku letu, lakini kwa kuwa mwaka mzima hakujibu barua, mbele ya jina lake walikuwa wameandika neno moja: yatima. Kifaa yatima kisipopata wa kukijaribu, kinaondolewa kwenye toleo linalofuata la programu.

Nililitazama neno lile kwenye skrini hadi herufi zikaanza kuogelea.

"Litaendelea kuwaka tu, Mama," mkwe wangu alisema kwa upole.

"Hadi lini?"

"Hadi lipatikane tundu la kuwapitisha wezi wa mtandaoni, na asiwepo wa kuliziba. Lakini tunaweza kukodi nafasi kwenye kampuni, tukahamishia kila kitu huko."

Nilimkata jicho. Ni kijana mwema, na hilo ndilo linaloniudhi. "Picha za nyumba hii hazijawahi kuwa wapangaji," nikamwambia.

Kilichotakiwa ni mtu aweke toleo jipya ndani ya sanduku, alifanyie majaribio kamili, kisha awaandikie watu wa orodha barua yenye mstari mmoja: Imejaribiwa na, halafu jina lake. Mstari huo Fundi aliuchukulia kama kiapo. Safari moja alikaa wiki tatu bila kuuandika kwa sababu feni ilikuwa ikichelewa kuanza kwa sekunde moja.

Mimi nimefanya kazi ya kusahihisha prufu, kurasa za vitabu kabla havijachapwa, kwa miaka thelathini na moja. Umeme siujui, ila maelekezo nayafuata neno kwa neno, na Fundi alikuwa ameacha daftari la hatua za majaribio. Nilinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni kwanza. Kisha nikaweka toleo jipya, nikaliwasha upya.

Sanduku likanyamaza.

Sikujua nyumba yangu ina ukimya wa namna ile. Nilisikia saa ya jikoni, nikasikia maji kwenye bomba la jirani, nikasikia kwamba nimeachwa. Nilisimama mkono ukiwa juu ya chuma kinachopoa. Kisha taa ikapepesa, feni ikajikohoza, mvumo ukarudi. Nikakaa chini sakafuni nikalia, na sioni aibu kusema.

Siku mbili nilijaribu yote yaliyokuwa daftarini. Nilichomoa diski moja sanduku likiwa linafanya kazi, nikairudisha, nikasubiri hadi inakili upya kila kitu kutoka kwa mwenzake. Kisha nikaandika barua kwenye kompyuta ya Fundi na kuituma.

Kesho yake majibu yalikuwa manne. La kwanza lilitoka kwa mwanamume wa nchi ya baridi. "Tulisikia fununu kwamba umefariki," aliandika. "Nimeona jina lako nimelia kwa furaha mbele ya wanangu. Karibu tena nyumbani."

Nikaifungua tena barua niliyotuma. Kompyuta ya Fundi hutia yenyewe mstari ule, pamoja na jina lake, mwishoni mwa barua, na mimi, niliyekuwa nikikamata nukta iliyokaa vibaya, nilikuwa nimepitisha kosa la jina. Imejaribiwa na marehemu.

Nitasema ukweli: sikulisahihisha siku ile. Palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo Fundi alikuwa hai, watu wanampa pole ya safari. Nilimwacha akae huko kidogo. Mchana nikalala ukumbini, naye akaja. Midomo yake haikuwa na skrubu hata moja, na bado hakusema kitu. Alinitazama vile alivyokuwa akitazama waya uliounganishwa ovyo.

Nilipoamka niliandika: "Aliyejaribu si yeye. Ni mimi mkewe. Yeye amefariki, na kosa la jina ni langu. Sanduku linafanya kazi."

Msimamizi wa orodha alijibu kwa heshima. Alitoa pole, akakubali jaribio langu. Lakini jaribio moja halitoshi kuondoa neno lile, alisema. Sanduku linahitaji mtu wa kulitunza kwa kila toleo, miaka kwa miaka. Kama niko tayari, nilete mwenyewe badiliko la orodha. Badiliko lao huandikwa kwa mistari: alama ya kutoa kwa kinachoondoka, alama ya kujumlisha kwa kinachoingia.

Binti yangu alivuta kiti. "Niandike mimi, Mama?"

"Hapana."

Nimefuta maneno ya watu maisha yangu yote bila huruma. Niliandika alama ya kutoa, na mbele yake jina la Fundi kwa ukamilifu wake, majina yote matatu, ambayo sikuwa nimeyaandika tangu cheti cha kifo. Chini yake nikaandika alama ya kujumlisha, na jina langu.

Kazini kwetu jina halikupita bila kusomwa kwa sauti na mtu wa pili. Nikamsogezea binti yangu skrini.

"Toa Baba," akasoma. "Weka…"

"Soma tena, mwanangu. Polepole."

Akafuta macho, akasoma tena, herufi kwa herufi, jina langu na la baba yake. Hapakuwa na kosa. Nikatuma.