Wafanyakazi Sita wa Sabuni ya Somoe

Jumatatu saa mbili asubuhi Somoe alikuwa uani kwake, Goba, anakoroga sabuni ya maji kwa mwiko wa ugali, ndoo moja kama kila wiki. Vijana wa mtaa mzima walifundishwa kutengeneza sabuni na mradi mmoja wa ujasiriamali, kwa hiyo kila nyumba ina sabuni na mnunuzi hakuna. Mdogo wake, Lulu, alikuwa kibarazani. Ana miaka miwili tangu amalize kidato cha nne, na Somoe alishamwahidi: siku biashara ikiweza kuajiri mtu mmoja, huyo mmoja ni yeye.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa amekuja Valerian, afisa wa mradi, na fomu yake. Aliuliza Somoe ameajiri wangapi. Sasa mgeni kapanda kilima chote kile, jua kali, shati limelowa. Umrudishe mikono mitupu kweli? Somoe alisema sita. Majina, umri na jinsia Valerian alibuni na kujaza mwenyewe, asimsumbue.

Basi Jumatatu hiyo wale sita wa kwenye fomu wakabisha hodi.

Walikuwa watu wapole, wasafi. Kila mmoja alikuwa na jina, umri na jinsia, basi. Somoe alipowauliza kwao ni wapi, walitazamana. Fomu haikuwa na nafasi ya hilo. Akawakaribisha. Mmoja alichukua mwiko, watano wakaizunguka ndoo kusubiri zamu.

"Dada, na mie nikoroge?" Lulu aliuliza.

"Pamejaa, mdogo wangu."

"Si uliniahidi?"

Somoe alisema anakumbuka. Roho ilimuuma kwelikweli, lakini mwiko ni mmoja.

Mwezi uliofuata Valerian alirudi na wageni wa mradi. Walihesabu sita, wakapiga picha, wakaridhika. Ndoo ilikuwa ileile. Lulu aliwaletea maji ya kunywa, akamwamkia Valerian shikamoo, kisha akamwomba kwa adabu naye aandikwe.

Valerian aliigeuza fomu mbele na nyuma. Hana roho mbaya, yule kijana.

"Sista, hawa wameshaingia kwenye ripoti," alisema. "Nikikuandika wewe, itabidi nimfute mmoja."

Lulu aliwatazama wale sita. Hawakuwa na kwao pa kurudi. Akasema basi, haina shida, akakusanya glasi.

Aliporudi kibarazani alikuta mmoja wao anapumzika pale alipozoea kukaa yeye. Lulu akabaki amesimama, asimsumbue.