Kiburi cha Wastani

Kazi yangu ni kujifanya mteja. Naingia dukani kama mtu mwenye shida, nawasumbua wauzaji, kisha naenda kuwasema kwa wakubwa wao. Mama huwaambia majirani kwamba nafanya kazi ofisini. Simlaumu.

Siku hiyo nilikuwa nimechoka hata kabla sijaanza. Shangazi, ambaye ndiye bosi wangu na ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii, alikuwa ameniambia asubuhi kwamba nikirudi tena bila jina la muuzaji, kazi anampa binamu yangu. Ripoti isiyo na jina haihesabiwi, na duka la viatu nililopangiwa siku hiyo lilikuwa limeshanishinda. Wauzaji wote pale hugeuza beji zao, na ukiwauliza majina wanakupa la meneja. Kwa mujibu wa ripoti zetu, meneja yule huuza, hufagia, na ni mjamzito.

Nikaingia, nikamfuata dada mmoja aliyeegemea rafu, akipumzisha mguu mmoja mmoja kama kuku. Nikamuuliza swali tunalolazimishwa kuuliza kila duka: kiatu kikinibana nikifika nyumbani, naweza kukirudisha?

"Nyie mnatumwa na swali hilohilo tu?" akasema bila hata kugeuka. "Mteja wa kweli anajaribu kiatu hapahapa, kaka."

Na jina je? Akanipa la meneja. Nikakaa kwenye benchi la kujaribia viatu, maana miguu yangu nayo ilikuwa imegoma.

Akaingia mzee mmoja mwenye sare ya ulinzi, miguu imemvimba kwa kusimama getini. Yule dada akapiga magoti, akamvua viatu taratibu, akalegeza kamba za vipya, akamkataza vile vya bei kubwa kwa sababu vingemuumiza kabla hajavuka mlango. Mzee akatoka akitembea kama kijana. Sijawahi kuona huduma kama ile, na huduma ndiyo inayonilisha.

Nikamwambia hivyo. Nikamweleza na habari za Shangazi na binamu, nikamwahidi alama zote. Badala ya kufurahi, akashtuka.

"Usithubutu, dada yako nakuomba."

Akaketi kando yangu akanieleza. Anayesifiwa huhamishiwa tawi jipya, mji mwingine, akawafundishe wenzake kutabasamu. Ndiyo maana wanaficha majina. Yeye ana mama yake kitandani, mtaa wa pili tu, na kila mchana hukimbia kumlisha na kumgeuza ubavu.

"Basi niseme wewe ni mbaya?"

"Mbaya sana watanifukuza. Wewe niseme vibaya kiasi tu, mdogo wangu. Kama chai iliyopoa."

Kisha akaigeuza beji yake, na mimi nikaandika jina lake.

Jioni Shangazi alishusha miwani puani akasoma kwa sauti: hakutabasamu, aliegemea rafu, ana kiburi cha wastani.

"Huyu tupendekeze aondolewe?"

"Hapana, Shangazi. Wapo wabaya zaidi yake. Mwacheni hapohapo alipo."

Alinitazama kwa muda, kama anayejaribu kiatu, kisha akagonga muhuri. Binamu atasubiri. Kesho, akasema, nitapelekwa duka la magodoro.

Nikashukuru kimoyomoyo. Huko angalau mteja anaruhusiwa kulala.