Kiraka cha Uzi Mwekundu

Ustinya alitembea siku mbili kutoka kijijini hadi mjini, kibindoni ana mkate mweusi, kitunguu na mshumaa wa kanisani. Mwanawe Prokhor alikufa kwa homa jeshini miaka mitatu iliyopita, na siku hizi kila akimwombea, uso wake haumjii. Hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe. Ndipo akasikia kwamba picha ya wakata nyasi wa kijiji chao, aliyoichora mchoraji Kapiton Lukich kiangazi cha mwisho kabla Prokhor hajaenda jeshini, imeletwa kwenye maonyesho mjini. Prokhor yumo.

Mlangoni alipiga ishara ya msalaba, akainama hadi sakafuni, akatoa mshumaa.

"We mama, we!" mlinzi akamrukia. "Unataka kutuchoma? Hapa si kanisani."

"Mtu akichorwa si anawashiwa mshumaa?"

"Anawashiwa mtakatifu. Hawa ni wakata nyasi."

"Wangu alikuwa mtakatifu," Ustinya akasema. "Ila kuamka mapema ndiko kulikomshinda."

Mlinzi akacheka, akauchukua mshumaa, akampisha.

Picha ilijaa ukuta mzima. Ustinya akasahau kupumua. Umande ulikuwa bado umelala juu ya nyasi. Angeapa miguu yake imelowa. Yule pale mzee Yefim na meno yake matatu. Na Prokhor? Wa mwisho kabisa, amewapa watu mgongo.

Mgongo! Siku mbili za mguu kwa ajili ya mgongo.

Kapiton Lukich mwenyewe alikuwa amesimama pembeni. Alimtambua, akaelewa mara moja.

"Nisamehe, Ustinya Savelyevna. Niliwachora walivyokuwa. Ningemgeuza, ningedanganya."

"Si ungedanganya tu! Ungepungukiwa nini?"

Ustinya akasogea karibu na picha kwa hasira, na hapo akakiona kiraka begani mwa shati la Prokhor. Alikishona yeye, mbiombio, alfajiri ileile ya kukata nyasi; uzi mweupe ulimwishia, akamalizia kwa mwekundu. Mchoraji alikuwa ameufuata uzi ule tundu kwa tundu, hata pale sindano ilipokosea njia.

"Hata huu uliuona," akanong'ona.

Prokhor alikuwa amelalamika asubuhi ile: "Mama, wasichana watanicheka!" Sauti ikamrudia, na nyuma ya sauti mdomo ulionuna, kisha pua iliyopinda, kisha macho. Uso wote. Mzima.

Ustinya hakuthubutu kupepesa macho.

"We baba mlinzi," akaita bila kugeuka, "nipe mshumaa wangu. Nakwenda kanisani sasa hivi, kabla hajaondoka."